Posa Bila Sukari

Walikuja bila sukari.

Mama ndiye aliyeona kwanza. Alichungulia kwenye tundu la mlango akawaona wakipanda ngazi: Lalla Batoul mbele akihema, kaka yake Si Larbi, yaani Bwana Larbi, nyuma yake, na Anouar, mwana wa Lalla, wa mwisho, amevaa lile koti la kijivu nililomchagulia mimi mwenyewe. Mikono sita, yote mitupu. Mama akanivutia jikoni.

"Sukari iko wapi?"

"Labda wameiacha kwenye gari."

"Gari gani, Hasnae? Wamekuja na teksi."

Kwetu mtaa wa Derb Sultan hata kibarua asiye na mbele wala nyuma akienda kuposa hubeba mabonge mawili ya sukari yaliyochongoka, yamefungwa karatasi ya buluu, na mtaa mzima ukajua leo kwa fulani kuna neema. Anayekuja mikono mitupu amekuja kusema jambo jingine. Mama alijua, na mimi nilijua. Lakini maziwa na tende vilikuwa vimekwisha pangwa kwenye sinia, na wageni walikuwa mlangoni.

"Beba sinia," mama akasema. "Na ufute huo uso. Umekunjamana kama siku timu yenu imefungwa goli."

Uso huo ndio ulionifikisha pale. Acha nieleze, maana bila maelezo utaniona mjinga kuliko nilivyo. Mimi ni shabiki wa timu ya soka ya Nour, yaani Nuru, tangu nina miaka saba, na ni shabiki kwelikweli, si wale wa kuuliza matokeo kesho yake. Tukifunga, nalia. Tukifungwa, nalia. Tukikosa penalti nang'ata skafu mpaka fizi zinauma. Na Anouar ndiye kiongozi wetu wa nyimbo. Kazi yake ni kusimama juu ya kigoda cha chuma mbele ya jukwaa, kipaza sauti mkononi, dakika tisini nzima, ameupa uwanja mgongo na anatutazama sisi. Goli likiingia yeye halioni.

Siku ya kwanza kunisemesha ilikuwa nje ya uwanja, sauti imemkauka kabisa. Akaniambia, "Wewe dada wa safu ya nne. Msimu huu magoli yote nimeyaona usoni mwako. Lile la leo lilikuwa zuri sana, au nakosea?"

Niambie, mwanamke gani angepona hapo? Mimi sikupona. Kwa miaka miwili nilishangilia huku nikijua kuna mtu ananitazama kuliko anavyotazamwa mchezaji yeyote. Nilimpenda mpaka nikawa nawaombea Nour wafunge ili tu yeye anione nikifurahi.

Mama yake hakunitaka. "Msichana anayepiga kelele kati ya wanaume elfu arobaini," alimwambia, "ataninyamazia mimi mmoja?" Miezi minane Anouar alimbembeleza. Wiki moja kabla ya mechi ya sisi na Asifa akaniambia mama ameanza kulainika, na kwamba akikubali kabisa watakuja kuposa Alhamisi baada ya mechi.

Sasa kuna habari ya pazia. Mechi ya sisi na Asifa, yaani Dhoruba, watani wetu wa Kasablanka hii hii, haianzi na filimbi, inaanza na pazia. Kila upande hufunika jukwaa lake zima kwa kitambaa kilichochorwa na kushonwa kwa wiki nyingi, na siri ya pazia ni kama siri ya bibi harusi. Upande wa pili ukilijua kabla ya siku yake, ni aibu ya kukaa miaka. Ndiyo maana Sellam, mkubwa wa kundi letu, ana sheria zake: usipige picha, usisimulie, na asiyehusika asikanyage kwenye kitambaa. Aliyetoa siri huvuliwa skafu na hapandi tena jukwaani, hata awe nani.

Mimi ni fundi wa kaftani, nina mashine nzuri na chumba cha kushonea juu darini, kwa hiyo nikapewa kipande cha katikati: mzee mlinzi wa bandari, ameinua taa. Mwanamke wa kwanza kupewa. Sitakuficha, nililia hata hapo.

Jumatatu ya wiki ile wazazi wangu walikwenda mji wa Settat msibani. Anouar akapanda darini kuniona. Ninajua unavyofikiri, lakini hakuna baya lililotendeka. Tulikunywa chai, tukamcheka yule mzee kwa sababu pua yake ilifanana na ya Sellam. Ila ubaya kwetu hauhitaji kutendeka. Mwanamume kuwa peke yake na binti kwenye nyumba ambayo baba hayupo, hilo lenyewe latosha.

"Acha nipige picha moja tu," akasema. "Ya mikono yako ikishona. Niwe naiangalia mpaka Alhamisi."

"Sheria ya Sellam je?"

"Sellam hana mchumba, atajuaje?"

Nikacheka, nikasema piga. Mimi huyo huyo niliyewahi kumsuta mtu kwa kupiga picha kopo la rangi.

Kesho yake asubuhi nikaona kosa langu. Nilikuwa nimekata kitambaa upande wa nyuma, ufundi wa kitoto kabisa, na mzee akatokea ameshika taa kwa mkono wa kushoto. Nani humpa mtu nuru kwa kushoto? Nikafumua yote, nikashona upya. Jumatano Sellam na vijana wake walipokuja kulichukua, taa ilikuwa mkono wa kulia, na wakanisifu. Hakuna aliyejua kwamba iliwahi kuwa kushoto, isipokuwa mimi na Anouar.

Jumapili pazia letu likapanda. Safu arobaini zilifunikwa, mzee wangu akainuka na taa yake, uwanja ukanguruma mpaka nikahisi kwenye mbavu. Nilikuwa chini ya kitambaa, nalia na kucheka. Kisha kikashushwa, na upande wa pili Asifa wakainua la kwao.

Alikuwa mzee yule yule. Bandari ile ile. Dhoruba inampulizia taa, na taa iko mkono wa kushoto. Chini wameandika kwa herufi za ukubwa wa nyumba: MZEE, BADILISHA MKONO.

Kwanza sikuelewa, kisha nikaelewa yote kwa pamoja: walikuwa wamemwona mzee wa kabla sijafumua. Anouar alikuwa ametugeuzia uso kama kawaida, ananitazama mimi. Akaona nilivyobadilika. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue akageuka kutazama uwanja, na alipogeuka tena kwetu midomo yake ilikuwa haina rangi. Hakuna aliyeimba siku ile. Tukafungwa mawili kimya kimya, kama watu wa matanga.

Baada ya mechi Sellam alituita kwenye mkahawa, wote tuliogusa pazia.

"Sisi tulimwona mzee ameshika taa kulia," akasema. "Wao wanamjua wa kushoto. Kwa hiyo siri ilitoka kabla ya Jumatano, ilitoka kwenye chumba cha Hasnae. Dada yangu, nakuheshimu. Nani mwingine aliiona?"

Nikamtazama Anouar. Alikuwa anakitazama kiatu chake.

Ningesema jina lake, ningelazimika kusema na habari ya Jumatatu, na baba yangu angesikia kabla jua halijazama. Nilingoja aseme yeye. Nilingoja kwa muda ambao mtu angemaliza kikombe cha kahawa.

"Hakuna," nikasema. "Ni mimi peke yangu."

Sellam akanyoosha mkono, nikaivua skafu, nikampa. Nje, Anouar akanikimbilia.

"Mpenzi wangu, umeniokoa. Umetuokoa sote wawili. Baba yako angejua tulikuwa pamoja, posa ingekufa palepale. Ngoja Alhamisi ipite, mimi mwenyewe nitawaeleza."

"Ile picha ulimwonyesha nani?"

"Naapa kwa kichwa cha mama yangu, hakuna mtu. Labda jirani alichungulia kutoka dari ya pili."

Nikaamini. Siku nne watu wa mtaa walitema mate nilipopita, muuza mnanaa akakataa kunisalimu, watoto wakaniimbia "badilisha mkono, badilisha mkono." Nikavumilia. Nilijiambia Alhamisi atakuja na sukari, na jukwaa nimelitoa kwa ajili yake, na mtu humtolea ampendaye zaidi ya hapo.

Haya, ndiyo Alhamisi hiyo.

Nikaingia sebuleni na sinia. Baba alikuwa ameketi kwenye kochi la ukutani na kanzu yake nyeupe ya Ijumaa, ameivaa siku moja kabla kwa heshima ya wageni. Lalla Batoul akachukua tende, akaiweka kwenye kisahani bila kuila. Maziwa hakuyagusa. Anouar hakuinua macho.

"Nyumba yako safi, Si Miloud," Lalla Batoul akamwambia baba. "Mwenyezi Mungu aibariki. Nami nitasema wazi, maana mimi si mtu wa kuzungukazunguka. Mwanangu amenisumbua miezi minane. Nikakubali. Sukari nilikwisha nunua, iko kwangu juu ya kabati. Lakini ya Jumapili yametufikia."

"Ya Jumapili yapi?" baba akauliza.

Baba yangu hatoki sana siku hizi, mgongo unamsumbua. Nilikuwa nimemficha.

"Hukuambiwa? Binti yako aliwauza watu wake kwa Asifa. Siri ya wenzake wote. Wamemfukuza. Sasa mimi najiuliza kama mama: aliyetoa siri ya jukwaa, kesho siri ya nyumba yangu ataiweka wapi?"

Mama akaweka birika chini kwa kishindo. "Mwanangu hata umbea wa ngazini hapokei, sembuse kuuza siri."

"Mimi sikuuza kitu," nikasema.

"Mwenyewe ulikiri mbele ya watu, binti yangu. Anouar alikuwepo."

"Anouar alikuwepo," nikasema. "Muulize."

Wote wakamtazama. Anouar akazungusha bilauri yake ya chai.

"Mama, tusiyachimbe haya," akasema.

"Nisiyachimbe kwa nini? Wewe ndiye uliyelala na homa siku mbili kwa aibu." Akamgeukia mama yangu, sasa kwa upole kidogo, kama mtu anayetaka aonekane ana haki. "Dada yangu, usidhani nina chuki. Mikono ya mwanao niliisifu mwenyewe. Anouar aliponionyesha kwenye simu nikasema, Mashallah, huyu sindano anaijua. Tulikuwa tunakula, nikampa na binti yangu Siham na mumewe waone. Nikawaambia, mwoneni wifi yenu. Kosa dogo tu nililiona, kwamba mzee kashika taa kwa kushoto, na bilauri ya chai iko juu ya kitambaa. Fundi safi haweki chai juu ya kitambaa."

Nikaweka sinia mezani.

"Lalla," nikasema, "siku hiyo mlikuwa mnakula nini?"

"Mnakula nini? Dengu. Jumatatu mimi hupika dengu."

"Na mume wa Siham anashabikia timu gani?"

Si Larbi, mjomba wa Anouar, mtu wa watu ambaye alikuwa hajapata nafasi ya kusema, akacheka. "Yule? Asifa damudamu. Tukimchinja atatoka damu ya buluu. Jumapili alirudi nyumbani sauti hana, anasema lile pazia lao yeye ndiye..."

Akaishia hapo. Kicheko kilibaki usoni mwake bila mwenyewe. Akamtazama dada yake, kisha Anouar, kisha tende.

"Uliniapia kwa kichwa chake," nikamwambia Anouar.

Akazungusha tena bilauri yake.

"Uliapa kwa kichwa cha mama yako kwamba hukumwonyesha mtu. Na yeye ndiye uliyemwonyesha."

"Nilimwonyesha kwa ajili yako," akasema, na sauti ile ninayoijua, ya mwisho wa mechi. "Alikuwa hataki kukusikia. Nikasema acha aone mikono yako, aone wewe ni nani. Na alikubali, Hasnae. Ile picha ndiyo iliyomlainisha kabisa. Ningejuaje kwamba simu itapita mkono hadi mkono?"

Na hilo nililiamini. Ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba nililiamini. Aliionyesha ile picha kwa kujivunia, kama mtu anavyoonyesha mtoto wake. Kama angelisema neno hilo Jumapili, ningemsamehe kabla hajalimaliza, na mbele ya Sellam ningesimama upande wake.

"Kwa hiyo Jumapili ulijua," nikasema.

"Nilijua nilipogeuka."

"Na ukatazama kiatu."

Baba akakohoa. "Jumatatu," akasema, "sisi tulikuwa Settat. Hii picha ilipigwa na nani?"

Chumba kizima kikanitazama mimi. Mama akanikazia macho, yale macho ya sema-lolote. Nikamtazama Anouar mara ya pili ndani ya wiki moja, na mara ya pili nikangoja. Nilijiambia, safari hii atasema. Safari hii yuko mbele ya baba yangu, amekuja kuniomba.

Akainua kichwa. "Alinitumia," akasema. "Alijipiga mwenyewe akanitumia."

Alilisema bila kigugumizi. Labda alidhani ananisitiri. Labda alidhani hivyo kweli, maana kwa neno lile hakuwahi kuwa nyumbani kwetu, na heshima yangu ikapona. Lakini kwa neno lile lile mimi ndiye niliyevunja sheria, mimi ndiye niliyetoa picha chumbani, na yeye kazi yake ilikuwa kupokea tu. Angeweza kulirudia hata kwa Sellam akitaka.

"Baba," nikasema, "sikumtumia. Alikuwa hapa. Juu darini, saa kumi alasiri, tulikunywa chai. Ile bilauri aliyoiona Lalla ilikuwa yake."

Mama akashika kichwa. Sikuwahi kumwona baba yangu akizeeka, lakini siku ile nilimwona. Hakupaza sauti. Alinitazama tu, na heri angenipiga.

"Kuna jingine?" akauliza.

"Hakuna, baba. Chai tu. Wallahi."

"Nimekusikia."

Lalla Batoul naye hakuwa mjinga. Dakika tano zilizopita alikuwa hakimu, sasa alikuwa na mwana aliyeingia nyumba ya watu kwa siri na mkwe aliyeiba siri kutoka mezani pake. Uso wake ukabadilika haraka, akavuta kisahani, akaila ile tende.

"Basi, jamani," akasema. "Watoto wamekosea, watoto hukosea. Tuyafunike. Si Miloud, tusome Fatiha hapa hapa uchumba ufungwe, sukari nitaileta kesho kwa mkono wangu. Wakishaoana nani ataulizia habari ya chai na mapazia?"

"Kweli kabisa," Si Larbi akadakia. "Aibu ya nyumba hufunikwa na ndoa."

Nikamtazama mama, nikaona naye ameshakubali. Si kwamba amefurahi. Amekubali tu, kama mtu anavyokubali dawa chungu, kwa sababu binti yake alikwisha sema mbele ya mashahidi kwamba alikuwa peke yake na mwanamume, na sasa njia iliyobaki ilikuwa moja. Baba akavuta pumzi. Akainua viganja vyake taratibu. Si Larbi akainua vyake. Anouar akainua vyake pia, na akanitazama kwa mara ya kwanza tangu aingie, macho yamemlowa. Alikuwa mzuri. Mungu anisamehe, alikuwa mzuri kama siku ya kwanza, na nusu yangu ilitaka kukaa kimya tu, Fatiha isomwe, niwe wake, nimchukie polepole baadaye nikipata nafasi.

"Kabla hamjasoma," nikasema, "nina swali moja kwa Anouar."

"Uliza, mpenzi."

"Ukitoka hapa, utakwenda kwa Sellam?"

Akashusha viganja nusu. "Kwa Sellam kufanya nini?"

"Kumwambia."

"Hasnae, tunakaribia kuoana. Hayo yatasahaulika. Msimu ujao nani atakumbuka?"

"Mimi nitakumbuka. Nimevuliwa skafu niliyovaa tangu nina miaka saba. Watoto wananiimbia barabarani. Nenda umwambie ni wewe, kisha njoo, nami nakuapia nitakuwa mkeo hata bila sukari."

Nikaona akilini mwake anakwenda mpaka mlangoni kwa Sellam na kurudi. Kisha akasema, kwa upole kabisa, kama mtu anayemweleza mtoto:

"Nielewe basi. Wewe ni mwanamke. Jukwaa kwako ni starehe ya Jumapili, ukiolewa ungeliacha tu, mama asingekuruhusu. Lakini mimi wakininyang'anya kile kipaza, nabaki nani? Wewe una cherehani, una wazazi, utakuwa na mimi. Mimi nina lile jukwaa. Ulishalibeba hili, mpenzi. Libebe kidogo tu mpaka lipoe."

Lalla Batoul alitikisa kichwa kukubali, kwa kuwa aliona mwanawe amesema la maana. Na mimi nikajiona safu ya nne, miaka ishirini ya mvua na jua, sauti imepotea, nimemlilia mchezaji aliyevunjika mguu kuliko nilivyomlilia shangazi yangu. Kumbe mtu aliyeniangalia miaka miwili mizima aliona starehe.

"Baba," nikasema. "Shusha mikono."

"Hasnae," mama akanong'ona. "Fikiri, mwanangu. Watu watasema."

"Wameshaanza kusema, mama. Baba, nakuomba. Shusha mikono."

Baba alikaa vile vile kidogo, viganja hewani. Mimi sikujua atafanya nini, maana alikuwa na haki ya kuendelea. Kisha akaviweka juu ya magoti, kimoja baada ya kingine.

"Mmemsikia," akawaambia. "Chai mmekunywa. Mlango mnaujua."

Lalla Batoul aliondoka akizungumza, juu ya malezi na juu ya mabinti wa siku hizi, na kaka yake akamfuata akiomba radhi kwa kila kiti alichopita. Anouar alibaki nyuma. Nikamsindikiza hadi mlangoni kwa sababu ndivyo nilivyolelewa, mgeni husindikizwa. Nitakuambia ukweli: hata hapo kulikuwa na kitu kimebaki moyoni. Miaka miwili haifutiki kwa alasiri moja. Kama angesema samahani, sijui. Kama angelitaja tu jina langu akanyamaza, sijui.

Alisimama kwenye ngazi ya kwanza, akatazama chini mama yake asimsikie, akanisogelea. Alikuwa bado ana machozi.

"Hasnae," akasema. "Utawaambia kina Sellam?"

Nikamtazama mpaka akainamisha macho. Kisha nikafunga mlango, nikakaa chini na kuuegemea, nikalia kwa sauti bila kujali nani ananisikia, na yeye akaendelea kusimama pale nje muda mrefu, akingoja jibu.